Sauti na Video Darasani: Maswali Ambayo Walimu wa Kiswahili Uganda Huuliza Mara kwa Mara

Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulipoanza mwaka 2020, Kiswahili kiliwekwa kuwa somo la lazima S.1 na S.2, yaani kidato cha kwanza na cha pili. Walimu hatukutosha, vitabu havikutosha, na wengi wetu tukageukia simu zetu ili watoto walau wamsikie mtu mwingine akizungumza Kiswahili, si mwalimu mmoja yuleyule kila siku. Maswali yakaanza hapo. Nimekusanya yale ninayoulizwa kila nikikutana na walimu wenzangu wa magharibi ya nchi. Nimefundisha miaka kadhaa karibu na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, ambako mtoto wa Kikongo hukaa dawati moja na mtoto wa Kinyankole, kwa hiyo majibu yangu yana vumbi la huko. Mwenzangu wa Kampala ayapunguze au ayaongeze.

Shule yetu haina umeme kabisa. Tuanzie wapi?

Anzieni kwenye sauti. Watu wakisikia neno teknolojia, mawazo hukimbilia projekta, kisha wanakata tamaa kabla hawajauliza bei. Spika ndogo inayopokea memori kadi hula umeme kidogo sana. Ichaji usiku kwa sola ya nyumbani, au mwachie yule kijana wa senta anayechaji simu za watu, nayo itakubeba vipindi vya siku nzima. Mazungumzo ya dakika 30 yaliyohifadhiwa kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde yana uzito wa MB 14 hivi. Kwa kiwango hicho flashi ya GB 32 inabeba zaidi ya saa 1,000. Huenda ukastaafu kabla hujaimaliza.

Picha ije baadaye, na ikija, piga hesabu kabla ya kutoa pesa. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa (Ah) 100 ina wati-saa 1,200. Betri za asidi hazipendi kukamuliwa hadi tone la mwisho, kwa hiyo hesabu nusu tu: 600. Televisheni ya LED ya inchi 32 hula kama wati 50, spika yake 20, jumla 70. Ukitoa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na saa saba hivi. Sasa weka projekta ya wati 250 na laptopu ya wati 50 juu ya betri hiyohiyo: haifiki saa mbili. Nimeona shule ikinunua projekta kwanza na kutafuta betri baadaye. Projekta hiyo ilitazamwa siku ya kuzinduliwa, ikazima katikati ya hotuba ya mgeni rasmi.

Umeme upo, ila unakatika bila taarifa.

Au Yaka, ule umeme wa kulipia kabla, inaisha mwalimu akiwa katikati ya sentensi, na bursa, mtunza fedha wa shule, ndiye mwenye namba za kuingiza. Dawa ni moja: tumia vifaa vyenye betri zao, yaani laptopu, simu na spika ya kuchaji, na ule wa ukutani uwe wa kuchajia tu. Usijenge somo zima juu ya soketi. Nami huwa na mpango wa pili ulioandikwa kwenye andalio la somo: umeme ukienda, wanafunzi wawili wanasimama na kuigiza mazungumzo waliyokwisha kuyasikia. Mara nyingine mpango wa pili hunoga kuliko wa kwanza.

Tununue projekta au televisheni?

Mimi niko upande wa televisheni, ingawa najua wengi hawatakubali.

Projekta ya taa ya kawaida ina maadui watatu katika shule zetu. Wa kwanza ni jua. Madarasa mengi yana madirisha makubwa pande zote mbili, mengine hayana hata vioo, na saa nne asubuhi picha inafifia hadi unabaki na kivuli cha kitu ukutani. Utaona walimu wakining'iniza mablanketi ya bwenini madirishani, kisha watoto 80 wanabaki gizani wakipikwa kwa joto. Adui wa pili ni kukatika kwa umeme: taa ya projekta inahitaji feni iendelee kuipoza kwa muda baada ya kuzimwa, na vyote vikizimika ghafla mara kwa mara, maisha ya taa yanafupika. Taa mpya si kitu cha kuokota duka la jirani. Wa tatu ni vumbi, ambalo huziba chujio na kuipasha mashine joto. Chujio lisafishwe kila baada ya wiki chache, na msimu wa kiangazi mapema zaidi.

Televisheni nayo ina udhaifu mmoja mkubwa: ni ndogo. Mafundi wana kipimo chao kwamba maandishi yasomwe kwa umbali usiozidi mara sita ya kimo cha picha. Televisheni ya inchi 32 ina kimo cha sentimita 40 hivi, kwa hiyo aliye mbali zaidi ya mita 2.4 hasomi kitu. Picha ya projekta yenye kimo cha mita moja na nusu inasomeka hadi mita 9. Basi usiweke maandishi kwenye televisheni. Iache ionyeshe vinavyotembea: mtu akisalimia, samaki wakipakuliwa mwaloni, moyo ukisukuma damu. Maneno yaandike ubaoni kwa chaki, herufi kubwa. Ubao haujawahi kuishiwa chaji.

Mkiwa tayari mna projekta, msiitupe. Elekezeni picha kwenye ukuta usiopigwa na mwanga wa moja kwa moja, na mchague kipindi cha asubuhi sana au cha siku ya mawingu.

Nina wanafunzi 90. Wa nyuma watasikiaje?

Kosa la kwanza ni kuweka spika mbele, juu ya meza ya mwalimu, na kuongeza sauti hadi mwisho. Wa mbele wanaziba masikio, wa nyuma wanasikia mngurumo. Iweke katikati ya chumba, juu ya dawati lililopandishwa au kwenye boriti, ili umbali kati yake na kila mtoto usipishane mno. Spika mbili ndogo katika sehemu mbili ni bora kuliko moja kubwa. Kisha punguza besi. Spika nyingi zinazouzwa mjini zimetengenezwa kwa ajili ya sherehe, nazo zinapenda kudunda. Lakini kinachotofautisha maneno ni konsonanti, na konsonanti ziko kwenye sauti nyembamba za juu, si kwenye ule mdundo.

Chumba kitupu chenye sakafu na kuta za saruji kinarudisha mwangwi. Watoto wenyewe, wakijaa, hupunguza mwangwi huo, kwa hiyo usijaribu sauti darasa likiwa tupu ukakata tamaa. Na kama spika yako ina tundu la waya, tumia waya. Muunganisho wa hewani (Bluetooth) huchelewesha sauti kidogo, midomo inaenda huku na maneno yanakuja baadaye, na darasa zima litacheka.

Na mvua ikipiga mabati?

Zima, mwalimu. Hakuna spika inayoshindana na mvua ya Aprili juu ya mabati yasiyo na dari. Hicho ni kipindi cha kuandika.

Bando ni ghali. Nitapata wapi vitu vya kusikiliza na kutazama?

Kanuni yangu: intaneti isiingie darasani. Pakua mara moja kwa wiki, usiku au mahali penye Wi-Fi, kisha fundisha ukiwa nje ya mtandao. Video chagua ya ubora wa kati, 480p au hata 360p. Kwenye televisheni ndogo tofauti haionekani sana, lakini kwenye bando inaonekana mno.

Ipo programu ya bure iitwayo Kolibri, iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality kwa ajili ya shule zisizo na intaneti. Unaijaza masomo kwenye laptopu moja, halafu laptopu hiyo inavigawia vifaa vingine vilivyo karibu bila kutumia hata MB moja ya bando. Hapa Uganda imetumika katika shule zinazopokea wakimbizi. Ipo pia Kiwix, ambayo hukuwezesha kubeba Wikipedia ya Kiswahili nzima kwenye simu. Kwa katuni za hesabu na sayansi zilizotengenezwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, tafuta kazi za Ubongo, shirika la Dar es Salaam. Na idhaa ya Kiswahili ya DW, shirika la utangazaji la Ujerumani, kutoka Bonn ina taarifa za habari zenye Kiswahili kilichonyooka. Dakika tatu za habari zinatosha somo la kusikiliza la S.2.

Tusidharau redio. Shule zilipofungwa Machi 2020, hadi zilipofunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022, masomo ya redio yalikuwa ndiyo darasa la pekee kwa watoto wengi wa vijijini. Tulijifunza kwa uchungu ubaya wake: redio haisubiri. Aliyetumwa maji mtoni saa ya kipindi alikikosa kabisa. Lakini kipindi kikirekodiwa kwenye simu, kinarudiwa mara kumi. Kurekodi ndiko tulikokusahau wakati ule, kwa kiasi kikubwa.

Jambo dogo la kiufundi: televisheni ya zamani haifungui kila faili lililo kwenye flashi. Hifadhi kwa MP4, na ujaribu kwenye televisheni ileile utakayoitumia, siku moja kabla. Kwenye laptopu, programu ya VLC hufungua karibu kila kitu.

Vifaa tunavyo, tatizo vimefungiwa ofisini.

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, baada ya mkutano, mtu akiangalia nyuma kama kuna anayesikia.

Katika shule moja niliyowahi kufundisha tulipewa projekta, spika mbili na skrini ya kukunja. Vikaingia kabatini kwa mkuu wa shule. Ufunguo ulikuwa kwenye mkufu wa funguo zake, na mkufu ulikwenda naye wilayani, benki, msibani. Ili uvipate ilibidi uandike barua, naibu aidhinishe, bwana stoo asaini. Kipindi ni dakika 40. Nilifanya hivyo mara mbili, mara ya tatu nikarudia chaki. Wageni walipokuja, vifaa vilitolewa, vikafutwa vumbi, vikapigwa picha.

Simlaumu sana yule mzee. Kifaa kikiibiwa, yeye ndiye anayeulizwa. Hofu yake ni ya kweli, kwa hiyo mpunguzieni hofu badala ya kumnung'unikia. Kilichofanya kazi mahali pengine ni daftari moja la kuazima lililo kwenye chumba cha walimu, lenye jina, saa ya kutoa na saa ya kurudisha; sanduku la bati lenye kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa mkuu wa idara na mwingine kwa mwalimu wa zamu; na jina la shule kuchongwa kwa msumari wa moto kwenye plastiki ya kila kifaa, jambo linaloshusha bei ya kifaa kikiibiwa. Vitu vidogo kama spika na memori kadi viondolewe kabisa kwenye utaratibu wa kabati. Kifaa kilichochakaa kwa kufundisha kimefanya kazi yake. Kilichoharibikia kabatini kimeibiwa pia, tofauti ni kwamba mwizi hajulikani.

Nikiweka video, darasa linageuka kibanda cha sinema. Nifanyeje?

Swali hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu jibu limo ndani yake.

Kila mtu Uganda anakijua kibanda: mabenchi, televisheni juu ya rafu, spika kubwa, na filamu ya Hong Kong au ya Marekani ambayo wengi walio ndani hawaifuati lugha yake. Anayewafanya wakae ni VJ, yule mfasiri wa filamu. Watu kama VJ Jingo wamejenga jina kwa kuzifasiri filamu za nje kwa Kiganda, wakiongea juu ya sauti ya filamu, wakimpa mhusika jina la hapa hapa, wakimwonya mtazamaji kwamba huyu jamaa si mtu wa kuamini. Mtazamaji hawezi kulala, kwa sababu kuna mtu anayeongea naye.

Mwalimu aliyeweka video ya dakika 40 na kukaa pembeni kusahihisha madaftari ameleta kibanda kisicho na VJ. Lazima fujo iwepo.

Chukua dakika tatu tu. Mara ya kwanza zicheze bila sauti, wanafunzi wabishane kinachotokea. Mara ya pili washa sauti, lakini kidole chako kikae kwenye kitufe cha kusimamisha: simamisha kabla mhusika hajajibu, uulize atasema nini. Mara ya tatu zima sauti tena, na mwanafunzi mmoja aje mbele awe VJ kwa Kiswahili. Mara ya kwanza nilipofanya hivi na S.1, kijana ambaye muhula mzima hakuwahi kunyoosha mkono alisimama akamfasiria muuza ndizi kwa madoido hadi darasa la jirani likaja dirishani. Sarufi yake ilikuwa imevunjikavunjika. Niliandika makosa yake bila kumkatiza, nikayafanya somo la kesho yake.

Dakika tatu zikitumiwa hivyo zinajaza kipindi. Ndiyo maana sihangaiki na ukosefu wa video nyingi. Naogopa zaidi video ndefu.

Kwa Kiswahili hasa, sauti inasaidia nini ambacho kitabu hakiwezi?

R na L, kwanza. Mganda kwa lugha yake ya Kiganda hutamka R baada ya E na I tu, kwingineko ni L, kwa hiyo mtoto wa Masaka atakuambia wazee "wamepiga kula". Kinyankole nacho kinaipenda R karibu kila mahali, na mtoto wa Mbarara atasema "nimekura". Ukiwaweka darasa moja, kura na kula zinabadilishana viti. Kitabu hakiwezi kuliondoa hili, wala mwalimu ambaye mwenyewe amelelewa katika mojawapo ya lugha hizo. Rekodi jozi kumi kama mahali na mahari, kula na kura, zichanganye, wanafunzi wanyooshe mkono wa kulia wakisikia R na wa kushoto wakisikia L. Dakika tano kila wiki. Halafu ingia kwenye dh ya dhahabu, gh ya ghali, th ya thelathini.

Pia sauti huondoa woga wa zamani. Wazee wengi wa kwetu walikisikia Kiswahili kwanza kwenye midomo ya askari, na agizo la Idi Amin la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa halikukisafishia jina. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini katika nyumba nyingi bado kinasikika kama amri. Mtoto akirudi nyumbani na sauti ya bibi wa Kikongo akisimulia hadithi ya sungura, mzazi husikiliza kwa sikio jingine. Bibi huyo anaishi kilomita chache tu kutoka shuleni; mwombeni ruhusa, mrekodini, mpeni nakala.

Kiswahili changu mwenyewe si kizuri. Naona haya kujirekodi.

Usijirekodi basi. Tafuta sauti nyingine, wewe uwe wa kusimamisha na kuuliza. Ila mwalimu aliyejirekodi, akajisikiliza peke yake usiku, hujisahihisha haraka kuliko aliyepelekwa semina.

Na kama wanafunzi wanajua mashine kuliko mimi?

Wape kazi. Wawili wawe mafundi wa darasa kila muhula: kuchaji, kuunganisha waya, kutunza daftari la kuazima. Chagua mvulana na msichana. Ukiwaacha wajichague, wasichana hawatagusa waya hadi mwaka uishe.

Mkuu wa idara anasema video zinapoteza muda, silabasi haitaisha.

Mwonyeshe mtaala wenyewe. Asilimia 20 ya alama za UCE, mtihani wa kumaliza S.4, katika mtaala mpya hutokana na kazi za darasani na miradi, na Kiswahili cha kuzungumza ni umahiri unaotakiwa kuonekana. Taarifa ya habari ya dakika mbili iliyotungwa na kurekodiwa na kundi la wanafunzi ni ushahidi unaohifadhika, tofauti na mjadala uliopotea hewani. Hapo huwa ananyamaza, au anaomba aone moja.

Naruhusiwa kuwarekodi wanafunzi? Na kutumia video za watu?

Kwa watoto, pata idhini ya mzazi au mlezi kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka hivyo. Karatasi moja ya kusainiwa mwanzoni mwa mwaka inatosha, iseme wazi kwamba rekodi ni za darasani. Usizitupe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, hata zikiwa nzuri kiasi gani. Kwa watoto wa wakimbizi kuwa mwangalifu maradufu: kuna familia ambazo hazitaki sura wala sauti zao zijulikane zilipo, na hawatakueleza kwa nini.

Kazi za wengine unaweza kuzitumia kufundishia kwa haki chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2006, ukimtaja mwenye kazi. Kuzinakili na kuziuza ni jambo lingine.

Nina mtoto asiyesikia vizuri.

Akae karibu na spika, na umpe mazungumzo yote yakiwa yameandikwa kabla ya kipindi, si baada. Video yenye maandishi chini ya picha humsaidia, akiwa mbele kabisa ya televisheni. Kwa asiyesikia kabisa, sauti haina maana. Panga na mwalimu wa lugha ya alama kipindi kinachoanza na picha. Mtoto asiyeona, kwa upande wake, mara nyingi ndiye atakayekuwa bingwa wako wa kusikiliza.

Nina shilingi 50,000 tu za mfukoni mwangu. Ninunue nini?

Spika ndogo ya kuchaji, iwe na tundu la memori kadi, tundu la waya na vitufe vinavyobonyezeka kwa kidole kimoja bila kutazama. Ijaribu dukani kwa sauti ya mtu anayeongea, si kwa muziki. Muuzaji atataka kukuwekea muziki. Ukibakiwa na chenji, nunua memori kadi ya pili, uweke nakala ya kila kitu, na uiache nyumbani. Ile ya kwanza itapotea kabla ya muhula wa tatu.